Kondoo wa Idd na Majani ya Msimu

Kondoo aliyechinjwa Chemchem, mjini Tabora, kwenye Idd el Hajj ya Agosti 2018 na yule wa Idd ya mwishoni mwa Mei 2026 wanaweza kuwa wa ukoo mmoja, wakapita kwenye kisu kimoja na sufuria moja, na bado nyama zao zisifanane mdomoni. Idd hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, ilhali mvua za Tabora zina miezi yake: huanza Novemba na kukoma Aprili. Mwezi wa Agosti majani yamekauka, na mengine yameshapitiwa na moto. Mwishoni mwa Mei mabonde ya mpunga bado yana unyevu, na kondoo ametoka kushiba kijani kwa miezi minne au mitano. Anayenunua mapema dume la udhhiya, yaani la kuchinjwa siku ya Idd, na kumfunga uani hujikuta anamlisha vitu tofauti kadiri miaka inavyokwenda, hata kama anadhani anafanya yaleyale aliyoyaona kwa baba yake.

Ninaandika haya kwa sababu maelezo mengi ya unenepeshaji yanahesabu kilo tu. Mwisho wa yote kondoo huyu ataliwa, na mlaji hapimi kilo kwa ulimi. Kwa jinsi ninavyoielewa kazi hii, kinachoamua kama kondoo atakua vizuri na pia atakuwa mtamu ni mpangilio wa chakula kwa wakati, kuliko wingi wake. Mashudu yana wakati wake, pumba zina wakati wake, na majani mabichi yana siku ya kusimamishwa.

Tabora haijawahi kukosa mabaki ya mazao. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, hapahapa Tabora, Novemba 1857 walikaa zaidi ya mwezi mmoja, kama ilivyokuwa kwa misafara mingi iliyotua hapa kupumzika, kutafuta wapagazi na kujaza mizigo ya chakula. Mji unaolisha wapita njia hutwanga sana, na kila kinu huacha pumba. Siku hizi pumba za mahindi zinatoka kwenye mashine za kusaga. Mashudu ya alizeti yanatoka kwa wakamuaji wa hapahapa na wa Singida, mashudu ya pamba yanatoka upande wa Igunga, Nzega na Shinyanga, na mashina ya karanga hubaki shambani baada ya kung'oa. Wapikaji wa pombe ya mtama wana machicha. Zao linalojulikana kuliko yote mkoani, tumbaku, halimpi kondoo chochote: mabua na majani yake yana nikotini, na hayafai kusogezwa karibu na hori.

Tuanze na tumbo. Kondoo halishi mwili wake moja kwa moja. Analisha kwanza bakteria waliomo kwenye rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, nao ndio wanaovunja nyuzinyuzi za majani. Bakteria hao wanahitaji naitrojeni ili waongezeke. Protini ya majani ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, bakteria wanapungua, majani yanakaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na kondoo anaacha kula kwa sababu hana nafasi ya kuweka kingine. Majani makavu ya Agosti yanaweza kuwa na protini asilimia 3 au 4 tu. Hapo ndipo unapomwona kondoo mwenye tumbo kubwa na mgongo uliochomoza mifupa. Tumbo limejaa, naye ana njaa. Mfugaji anayeongeza majani makavu zaidi anaongeza tatizo.

Sasa tupige hesabu ya hori. Chukua dume la kilo 20, uzito wa kawaida kwa kondoo wetu wa asili wenye mkia wa mafuta. Kwa siku atakula chakula kikavu cha gramu 700 hivi. Ukimpa majani makavu peke yake yenye protini asilimia 4, anapata gramu 28 za protini hata akiyamaliza yote, na hatayamaliza. Badilisha sasa: majani gramu 400, mashudu ya alizeti gramu 150, pumba za mahindi gramu 150. Majani yanaleta gramu 16 za protini, mashudu yenye asilimia 28 yanaleta 42, pumba zenye asilimia 11 zinaleta 16 na ushei. Jumla ni gramu 74 na kitu, zaidi ya mara mbili na nusu ya zile za mwanzo. Na gramu hizo 150 za mashudu zimefanya kazi ya pili: zimewalisha bakteria, nao sasa wanayasaga yale majani makavu ambayo jana yalikuwa mzigo. Kondoo wa asili anayechunga kiangazi bila nyongeza anaweza asiongezeke kabisa au akapungua. Aliyelishwa hivi anaweza kuongeza gramu 60 hadi 80 kwa siku, yaani kilo tano hadi saba kwa siku 90. Kwa mnyama wa kilo 20, hiyo ni robo ya mwili wake au zaidi.

Watu wa kanda ya ziwa wamelijua hili kwa ng'ombe kwa miaka mingi. Shinyanga na Mwanza wananenepesha ng'ombe kwa maganda na mashudu ya mbegu za pamba, kwa kuwa viwanda vya kuchambua pamba viko jirani. Kwa kondoo mashudu ya pamba ni mazuri vilevile, ila yana gossypoli, sumu iliyomo kwenye mbegu yenyewe. Rumeni iliyokomaa hufunga sehemu kubwa ya sumu hiyo. Mwanakondoo ambaye rumeni yake haijakomaa hana kinga hiyo, na dume la mbegu likilishwa sana linaweza kuharibika uzazi. Kwa dume la kuchinja baada ya miezi mitatu, kiasi cha wastani hakina shida. Mifugo mingine, hasa kuku na nguruwe, isipewe kwa kukisia.

Kuna faida nyingine ya protini isiyotajwa sana. Kondoo wengi wa Tabora hubeba minyoo ya tumbo, na mbaya zaidi ni yule anayenyonya damu kwenye tumbo la nne. Mnyama anayepata protini ya kutosha anastahimili minyoo vizuri zaidi, kwa sababu ana mali ya kujenga upya damu na ukuta wa tumbo. Kondoo mwekundu wa Kimasai amesifiwa duniani kwa ustahimilivu wa asili dhidi ya mnyoo huyu. Kondoo wako wa uani huenda hana damu hiyo, lakini mashudu yanamsaidia.

Pumba zina hila zake. Ni tamu, ni rahisi kupata, na kondoo huzikimbilia. Kwa sababu hiyo ndizo zinazoua zaidi. Ukimtoa kondoo kwenye majani leo na kumwagia ndoo ya pumba zenye unga kesho, rumeni inachachuka, asidi inapanda, na anaweza kulala asiamke. Zinaongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili. Hatari ya pili huja taratibu: pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na dume anayekula pumba kwa miezi hutengeneza mawe kwenye mkojo. Aliyehasiwa angali mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa njia yake ya mkojo hubaki nyembamba. Utamwona akijikakamua bila kutoa kitu, na nywele za chini ya tumbo zina chembe kama za chumvi. Kijiko cha chokaa ya mifugo kwenye chakula, chumvi na maji mengi safi huzuia mengi ya haya. Wakati wa kununua madini, usichukue mchanganyiko wa kuku ukidhani madini ni madini. Shaba inayomfaa kuku hujikusanya kwenye ini la kondoo hadi siku inapomlipukia.

Hadi hapa tumezungumzia kukua. Ladha ni habari nyingine, nayo inakaa kwenye mafuta.

Ondoa mafuta yote kwenye nyama ya kondoo na ya ng'ombe, uzipike, na watu wengi watapata taabu kuzitofautisha. Harufu ile ambayo wengine huipenda na wengine huikimbia imo kwenye shahamu. Mwaka 1975 watafiti wa New Zealand walionyesha kuwa sehemu kubwa ya harufu hiyo inatokana na asidi za mafuta fupi zenye matawi, zinazopatikana kwa kiasi kidogo sana, lakini pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa chembe. Asidi hizi huongezeka kadiri dume asiyehasiwa anavyokomaa. Ndiyo maana harufu ya beberu wa mbuzi ni kali zaidi. Aliyehasiwa anafaa kwa udhhiya, na kwa upande wa jungu yeye ni bora.

Chakula kinaingia hapa kwa milango miwili, na kila mlango una zao lake.

Mlango wa kwanza ni majani mabichi. Majani machanga ya masika yana protini nyingi inayovunjika haraka kwenye rumeni kuliko bakteria wanavyoweza kuitumia. Katika kuvunjika huko, kipande kimoja cha protini kiitwacho triptofani hugeuzwa kuwa skatoli na indoli. Hivi ni vitu vyenye harufu ya kinyesi vikiwa vingi, na vikiwa kidogo hutoa ile harufu ya zizi. Vinapita kwenye damu, na visivyosafishwa na ini vinakaa kwenye mafuta. New Zealand na Australia, ambako kondoo wengi hukulia malishoni, tatizo hili limechunguzwa sana, na ilionekana kuwa malisho ya jamii ya kunde, kama klova na lusani, huikoleza harufu kuliko nyasi za kawaida.

Mlango wa pili ni pumba na nafaka nyingi. Wanga ukichachuka kwenye rumeni huzaa asidi ya propioniki, na ini hulazimika kuigeuza sukari. Kazi hiyo inahitaji vitamini B12, ambayo bakteria wa rumeni huitengeneza kwa kutumia kobalti. Propioniki ikizidi uwezo wa ini, sehemu yake huingizwa kwenye utengenezaji wa mafuta na kuzaa asidi zenye matawi. Kondoo waliolishwa shayiri kwa wingi huko Ulaya walionekana kuwa na mafuta laini yanayoteleza chini ya ngozi kwa sababu hiyo. Anayedhani pumba nyingi ndiyo dawa ya harufu ya majani anaweza kukimbia harufu moja na kuangukia nyingine.

Tuirudie kalenda. Kondoo wa Agosti 2018 alilishwa majani makavu kuanzia Juni, pamoja na mashudu na pumba. Protini yake ilikuwa ya kiasi, skatoli ilikuwa kidogo, na mafuta yake yakawa meupe na magumu. Kondoo wa Mei anatoka moja kwa moja kwenye kijani. Ukimsikia mtu mzima akisema kondoo wa Idd wa siku hizi wananuka kuliko wale wa zamani kidogo, usimkatalie haraka kwa kudhani ni kumbukumbu za uzee. Idd ya mwishoni mwa Agosti iliyotangulia ile ya 2018 ilikuwa ya 1985. Mtu aliyekulia kati ya nyakati hizo mbili amepitia kondoo wa misimu yote.

Mashudu nayo yana neno juu ya ladha. Wakamuaji wadogo hawamalizi mafuta yote kwenye mbegu. Mashudu yao yanaweza kubaki na mafuta asilimia 10 au zaidi, wakati yale ya viwanda vinavyotumia dawa ya kuyeyusha hubakiza asilimia moja au mbili. Mafuta ya alizeti yana asidi nyingi ya linoleiki. Bakteria wa rumeni hujitahidi kuigeuza kuwa mafuta magumu, lakini ikizidi, sehemu yake hupita na kujenga shahamu laini inayoharibika haraka hewani. Nyama hiyo ikikaa siku mbili bila barafu hupata harufu ya mafuta yaliyochina. Na mafuta yote kwenye chakula yakizidi asilimia 6 au 7, bakteria wenyewe wanazibwa, na majani hayasagiki tena. Kinachozuia mafuta kuchina mwilini ni vitamini E, nayo imo kwa wingi kwenye majani mabichi kuliko makavu. Hapa ndipo mzigo wa uchaguzi ulipo: kijani hulinda nyama na kuipa harufu kwa wakati mmoja.

Kuna watu waliopata njia ya kati. Huko Sicilia watafiti wa Catania wamewalisha wanakondoo maganda ya machungwa yaliyokaushwa, mabaki ya viwanda vya juisi, na nyama ikachelewa kuchina. Sisi machungwa si yetu, ila tuna mti mwingine. Kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, kilifanya kazi ya miaka mingi ya kilimo mseto, ikiwemo kupanda miti ya malisho kama lusina. Majani ya lusina yaliyokaushwa kivulini yana protini nyingi, yanabaki na sehemu ya vitamini, na yana tanini. Tanini hushikana na protini ndani ya rumeni na kuipunguzia kasi ya kuvunjika, jambo linalopunguza skatoli. Kwa wingi lusina ina sumu yake pia, kwa hiyo robo ya hori inatosha. Wasukuma na Wanyamwezi wanaohifadhi ngitili, yale maeneo yanayofungwa masika ili yalishwe kiangazi, wana chanzo kingine cha aina hiyo: majani ya miti ya porini yenye tanini. Mradi wa HASHI wa Shinyanga, ulioanza 1986, ulizifufua ngitili nyingi, na faida yake kwa ladha ya nyama haijawahi kupewa uzito unaostahili.

Karanga nazisema kwa uangalifu. Mashina yake yakikaushwa vizuri ni malisho mazuri kuliko mabua ya mahindi. Mashudu yake yana protini karibu asilimia 45, hayana mpinzani hapa. Urambo, wilaya iliyo jirani, ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Walichokitaka ni mafuta. Miaka tisa baada ya mpango kuvunjika, mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na katika kutafuta chanzo ndipo dunia ikaijua sumukuvu. Kondoo mzima anaistahimili kuliko batamzinga. Hata hivyo, mashudu ya karanga yaliyonyeshewa au yenye ukungu huharibu ini, na ini lililoharibika haliwezi kusafisha skatoli wala kuigeuza propioniki. Huenda kondoo asife, lakini nyama yake itasema.

Jambo la kubadilisha chakula kabla ya kuchinja halikuanzia maabara. Fiqhi inamjua mnyama anayeitwa jalala, aliyekula uchafu hadi nyama yake ikabadilika harufu. Vitabu vya Kishafii vinataka afungwe na kulishwa chakula safi hadi harufu iondoke, na vinataja siku 40 kwa ngamia, 30 kwa ng'ombe, 7 kwa mbuzi na kondoo, 3 kwa kuku. Ninavutiwa sana na mpangilio huo: mnyama mkubwa muda mrefu, mdogo muda mfupi. Mwili unasafisha vitu kadiri ya ukubwa na kasi yake. Harufu inayotokana na chakula cha jana, kama ya machicha yaliyochacha, huondoka kwa siku chache. Iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye shahamu inahitaji wiki kadhaa, kwa sababu mafuta yenyewe yanapaswa kubadilishwa.

Kwa hiyo mpangilio wangu uko hivi. Mwezi wa kwanza baada ya kununua, mashudu yawe juu: mnyama bado anajenga nyama, minyoo imeshatibiwa, na protini haipotei bure. Mwezi wa pili pumba ziongezwe taratibu na mashudu yapungue, hasa kama ni ya mkamuaji mdogo yenye mafuta mengi. Wiki tatu hadi nne za mwisho ni majani makavu mazuri, lusina kidogo, pumba za wastani na chokaa. Kijani cha bondeni kisimame, na machicha yasimame. Ukizidisha pumba hapo mwisho, kondoo wetu hawapeleki nguvu kwenye paja. Wanapeleka mkiani, na mkia unaovimba hukudanganya kuwa ananenepa. Mafuta ya mkia ni laini kuliko yale ya kuzunguka figo, yanafaa kukaangia, lakini umelipa bei ya pumba kuyapata.

Siku ya mwisho asikimbizwe. Kondoo aliyeburutwa kutoka mnadani jana na kuchinjwa leo ametumia akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli. Nyama yake haipati uchachu wake wa kawaida, inakuwa nyeusi, inashika maji, na huharibika haraka. Apumzike usiku mzima, apate maji.

Idd el Hajj itaendelea kurudi nyuma. Machi 2033 itaangukia takriban tarehe 11, katikati ya masika ya Tabora. Dume atakuwa amenunuliwa Desemba, wakati wa maembe, na kila nyumba ya Chemchem yenye mwembe itakuwa na maganda ya kumtupia, matamu na yenye wanga. Kijani kitakuwa kimejaa hadi mlangoni. Anayetaka nyama ile ya Agosti 2018 atalazimika kuweka majani makavu ya kiangazi cha 2032, ayafunge juu ya dari yasilowe, na kuanzia katikati ya Februari amzuie kondoo asione jani bichi.